KAZI YA SAYANSI JINAI: YAMPASAYO KIJANA WA RUMONGE KUYAJUA

Mji wa Rumonge umekaa kando ya Ziwa Tanganyika, kilomita zipatazo 75 kusini ya Bujumbura. Wenyeji wake wanajulikana kwa mambo mawili: mawese yatokayo katika mashamba ya michikichi yaliyoenea nyuma ya mji, na samaki wa ziwani, hasa dagaa, ambao wao huwaita ndagala, na mgebuka, ambao humwita mukeke. Mzazi wa huko amfikiriapo mwanawe, kwa kawaida humwona akiwa mvuvi mwenye mashua yake, mfanyabiashara, mwalimu au daktari. Lakini siku hizi, huko na kwingineko katika Afrika ya Mashariki, wapo vijana ambao wakiulizwa watakuwa nani hujibu kwamba watakuwa wataalamu wa sayansi jinai. Jibu hilo huwashangaza wazee wengi, na baadhi yao huliogopa.

Mara nyingi kijana huwa ameiona kazi hiyo katika filamu. Humo mtaalamu mmoja huokota unywele jioni, na kulipopambazuka huwa amekwisha mtaja muuaji kwa jina. Filamu haionyeshi kwamba kazi yenyewe ni ya watu wengi, ni ya polepole, na mara nyingi jibu lake ni fupi kuliko walivyotarajia wanaolingoja. Kwa sababu hiyo ni vema wazazi na vijana waelewe kazi hii ni nini, mwambao wa Burundi unaihitaji kwa ajili gani, na inamtaka nini yule anayeichagua.

MAANA YA SAYANSI JINAI

Sayansi jinai ni matumizi ya elimu ya sayansi katika kujibu maswali ambayo baadaye yatafika mbele ya hakimu. Matawi yake ni mengi. Yuko daktari afanyaye uchunguzi wa maiti ili ajue sababu ya kifo. Yuko mkemia atafutaye sumu katika damu, katika chakula au katika tumbo la marehemu. Yuko mtaalamu wa alama za vidole, yuko wa silaha na risasi, na yuko wa hati na miandiko. Aidha wako wataalamu wa vinasaba, yaani zile chembe za urithi ambazo kila mtu hupata nusu kwa baba na nusu kwa mama, na wako wataalamu wa mifupa. Hakuna mtu mmoja ayajuaye yote hayo. Anayeingia katika kazi hii huchagua tawi moja, akalisomea kwa miaka mingi, kisha akakubali kwamba sehemu yake ni kipande tu cha kesi nzima.

Maiti iliyoopolewa ziwani ni mfano ulio karibu sana na watu wa Rumonge. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia mita 1,470, na upepo wake hubadilika ghafla usiku, wakati mitumbwi iko mbali na nchi kavu. Maiti ikielea baada ya siku kadhaa, watu husema upesi kwamba mtu huyo amekufa maji. Mtaalamu hana ruhusa ya kusema hivyo upesi. Hakuna dalili moja ya mwilini inayothibitisha peke yake kwamba mtu alizama akiwa hai; humpasa daktari aziondoe sababu nyingine zote kwanza. Ni lazima atofautishe jeraha lililopatikana kabla ya kifo na lile lililofanywa baadaye na samaki, mamba au mwamba. Baadhi ya wataalamu hutafuta ndani ya mifupa mimea midogo mno ya majini, isiyoonekana ila kwa hadubini, ambayo huweza kuingia mwilini mtu anapovuta maji; wengine hawakiamini sana kipimo hicho. Hali kadhalika, ngozi ya viganja ikikaa majini muda mrefu hulegea na kubambuka kama glavu, na mtaalamu mwenye subira huweza kupata alama za vidole katika ngozi hiyo.

Faida ya kazi hiyo haiishii mahakamani. Mke wa mvuvi asiyerudi hajui kama yeye ni mjane. Kwa familia za Kiislamu, ambazo ni nyingi mjini Rumonge, eda ya miezi minne na siku kumi huhesabiwa tangu kifo cha mume, na mirathi haigawanywi mpaka kifo kithibitike. Kwa desturi za Warundi kwa jumla, matanga huwa na mwisho wake, sherehe iitwayo kuganduka, ambapo wafiwa huvua huzuni na kurudi katika maisha ya kila siku. Maiti isiyo na jina huziacha nyumba mbili katika shida: nyumba iliyompoteza mtu na haijui, na nyumba iliyozika mtu isiyemjua.

HATI ZA ARDHI

Tawi la hati na miandiko halisemwi sana, lakini mwambao huu unalihitaji. Mwaka 1972 maelfu ya watu wa kusini ya Burundi walikimbilia Tanzania, wakawekwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Tangu mwaka 2008 makumi ya maelfu kati yao walirejea, na wengi wakakuta mashamba yao, hasa yale yenye rutuba ya Rumonge na Nyanza-Lac, yanalimwa na watu wengine. Wako waliokuwa na karatasi za zamani, wako waliokuwa na karatasi mpya, na wako waliokuwa na ushahidi wa majirani peke yake.

Katika mgogoro wa namna hiyo mtaalamu wa hati huchunguza karatasi, wino, mihuri na mwendo wa mkono ulioandika. Huweza kuonyesha kwamba tarehe imefutwa na kuandikwa upya, au kwamba sahihi imeigwa polepole na mtu aliyekuwa akiiangalia nyingine. Hawezi kusema shamba ni la nani. Hilo ni la sheria na la hakimu. Kuujua mpaka huo na kutouvuka ni sehemu ya kazi yenyewe.

ARDHI YA MWAKA 1972

Liko jambo zito zaidi, ambalo kijana wa Rumonge hawezi kuliepuka akishika kazi hii. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi wa Kihutu walishambulia sehemu za kusini, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwamo, wakawaua watu wengi, hasa Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa kuungana nao. Baada ya hapo utawala wa Rais Michel Micombero ulijibu kwa mauaji makubwa yaliyoenea nchi nzima kwa miezi kadhaa. Wahutu walikamatwa na kuuawa, hasa walimu, wanafunzi, watumishi wa serikali, askari na wafanyabiashara. Makadirio ya waliokufa hutofautiana kati ya watu 100,000 na 300,000. Wengi wao walizikwa katika mashimo ya pamoja, na kwa miaka mingi jamaa zao hawakuthubutu kulia hadharani.

Sheria ya kuunda Tume ya Ukweli na Upatanisho ilipitishwa mwaka 2014. Mwanzoni mwa mwaka 2020 tume hiyo ilitangaza kwamba imeyatambua makaburi ya pamoja zaidi ya 4,000 nchini na kupata majina ya watu zaidi ya 142,000 waliouawa katika vipindi mbalimbali vya machafuko. Mwezi wa Februari mwaka huo huo, mwenyekiti wake, Pierre Claver Ndayicariye, alitangaza kwamba mabaki ya watu 6,032 yamefukuliwa katika makaburi ya mkoa wa Karusi, karibu na mto Ruvubu. Nguo, miwani na rozari zilizopatikana humo ziliwasaidia baadhi ya jamaa kuwatambua watu wao. Mwezi wa Desemba 2021 tume ilitamka kwamba mauaji waliyofanyiwa Wahutu mwaka 1972 yalikuwa mauaji ya kimbari. Wako waliolipokea tamko hilo kwa faraja, na wako waliosema kwamba kazi ya tume haikuwatazama wafu wote kwa jicho moja.

Hapo ndipo kazi ya mtaalamu wa mifupa inapopimwa. Nyonga humwonyesha kama marehemu alikuwa mwanamume au mwanamke. Meno, pamoja na viungio vya mifupa inayokua, humwonyesha umri. Urefu wa mfupa wa paja humkadiria kimo. Tundu la risasi katika fuvu huwa dogo upande ilikoingilia na kupanuka upande wa ndani, kwa hiyo huonyesha risasi ilitoka wapi. Mfupa uliovunjika na kuanza kuunga huonyesha kwamba mtu aliishi kwa muda baada ya kuumia. Lakini mifupa haimwonyeshi kama marehemu alikuwa Mhutu au Mtutsi. Katika mwambao ambako waliouawa mwezi wa Aprili na waliouawa baada yake wamelala katika udongo uleule, mtaalamu atakayedai kuyajua makabila yao kwa kuyatazama mafuvu atakuwa ameacha sayansi. Kabila la marehemu hujulikana baada ya kujulikana jina lake, na jina huletwa na jamaa, na kumbukumbu, na vitu alivyokuwa navyo.

MFANO WA KIBUYE

Yuko mtaalamu mmoja mwenye asili ya Afrika ya Mashariki ambaye maisha yake yanafaa kuangaliwa na vijana. Clea Koff ni mtoto wa mama Mtanzania na baba Mmarekani. Mwezi wa Januari 1996, akiwa na umri wa miaka 23 na bado mwanafunzi wa elimu ya mifupa, alifika Kibuye, nchini Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, ambalo maji yake huteremka kwa mto Rusizi hadi Tanganyika. Alikuwa katika kundi la wataalamu lililoongozwa na William Haglund na kutumwa kwa ajili ya Mahakama ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994. Katika kaburi lililokuwa karibu na kanisa Katoliki walifukua mabaki ya watu 493, wengi wao wakiwa watoto na wanawake. Baadaye Koff alifanya kazi kama hiyo Bosnia, Kroatia na Kosovo, na mwaka 2004 alichapisha kitabu, The Bone Woman.

Kazi ya Kibuye ilizaa matunda mahakamani. Haglund alitoa ushahidi mjini Arusha, na mwezi wa Mei 1999 Clément Kayishema, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Kibuye, alihukumiwa kifungo cha maisha. Hata hivyo ni wachache tu kati ya wale 493 waliopata majina. Sababu mojawapo ni ya kuhuzunisha mno: familia nyingi ziliangamizwa zote, hakubaki mtu wa kuitambua kanga ya mama wala shati la mtoto. Kwa hiyo mahakama ilipata jibu lake, ilhali jamaa wengi hawakupata lao. Kijana anayeingia katika kazi hii lazima ajue mapema kwamba matunda hayo mawili hayaji pamoja kila mara.

VINASABA NA MIPAKA YAKE

Wengi watasema kwamba vinasaba vimeyamaliza matatizo hayo. Ni kweli kwamba vimeleta mageuzi makubwa. Alec Jeffreys aligundua njia ya kuvitumia kutambulisha watu mwaka 1984 katika chuo kikuu cha Leicester, Uingereza. Kesi ya kwanza ya mauaji iliyotumia elimu hiyo, mwaka 1986, ilianza kwa kumwokoa kijana asiye na hatia ambaye alikuwa amekwisha kukiri kosa mbele ya polisi. Mwenye kosa alipatikana mwaka uliofuata. Funzo hilo halina budi kukumbukwa katika kila kituo cha polisi: mtu huweza kukiri asilolitenda, na kipimo kilichofanywa vizuri huweza kumtoa.

Lakini kipimo cha vinasaba huhitaji vitu viwili, nacho hakina thamani kimoja kikikosekana. Kwanza ni sampuli ya marehemu, na katika udongo wa joto na unyevu chembe hizo huharibika. Mara nyingi hutafutwa ndani ya jino au katika mfupa mgumu. Pili ni sampuli ya jamaa aliye hai, ili zilinganishwe. Kwa wafu wa Rumonge wa mwaka 1972, jamaa hao hawako Rumonge peke yake. Wengine ni wajukuu waliozaliwa Katumba au Mishamo, na watu wapatao 162,000 wa jamii hiyo walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Kila mwaka unaopita, ndugu wa tumbo moja na watoto wa marehemu, ambao damu yao ndiyo yenye ushahidi ulio bora, wanazidi kuzeeka na kufa.

Aidha kazi hiyo ina gharama na hukawia. Katika msitu wa Shakahola, nchini Kenya, ufukuaji ulianza mwezi wa Aprili 2023, na miili zaidi ya 400 ilitolewa. Familia zilitoa sampuli, zikangoja. Miili ya kwanza ilikabidhiwa kwa jamaa mwezi wa Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye, na wakati huo ni 34 tu iliyokuwa imetambuliwa kwa vinasaba. Hali ilikuwa hivyo katika nchi yenye maabara na wataalamu wake, na kwa watu waliokufa karibuni. Ni dhahiri kwamba mabaki yaliyokaa ardhini nusu karne hudai subira kubwa zaidi.

MASOMO NA AJIRA

Kijana anayetaka kazi hii hana budi kushika sana biolojia, kemia na hisabati tangu shule ya sekondari. Baada ya hapo njia hugawanyika. Anayetaka kuchunguza maiti lazima awe daktari kwanza, kisha asomee ubingwa. Anayetaka maabara husoma kemia au biolojia ya chembe hai. Anayetaka mifupa husomea elimu ya viungo vya mwili na elimu ya kuchimbua mambo ya kale, kwa maana kaburi hufukuliwa kwa kijiko na brashi, si kwa sepetu peke yake. Lugha pia ni muhimu. Burundi hutumia Kifaransa katika hati nyingi za mahakama. Maabara za Dar es Salaam, Nairobi na Kigali hutumia sana Kiingereza. Na Kiswahili, ambacho mtoto wa Rumonge amekikuta mtaani, ndicho kitakachomwezesha kuzungumza na jamaa wa marehemu ng'ambo zote mbili za ziwa.

Maabara zenyewe zipo katika kanda hii, lakini si nyingi. Tanzania ina Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo historia yake huhesabiwa tangu mwaka 1895, wakati wa utawala wa Wajerumani, na ina sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009. Kenya ilizindua maabara ya taifa ya upelelezi wa jinai jijini Nairobi mwaka 2022. Rwanda ilianza kutoa huduma zake mwaka 2018 katika maabara ya Kigali, ambayo mwaka 2023 ilifanywa taasisi. Mwanafunzi wa Burundi azifikiriaye taasisi hizo akumbuke kwamba njia haitegemei juhudi yake peke yake: mwezi wa Januari 2024, kwa mfano, Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda.

Mwajiri mkubwa wa kazi hii katika nchi zetu ni Serikali. Kwa hiyo mshahara wake ni wa mtumishi wa umma, na nafasi huwa chache. Mwenye busara hujipatia kwanza ujuzi ambao una kazi nyingine pia, kama vile udaktari, ukemia au uuguzi, ili asibaki bila kazi akingoja nafasi moja.

TABIA IMPASAYO MTAALAMU

Elimu peke yake haitoshi. Jambo la kwanza ni uangalifu katika kutunza vielelezo. Kila kitu kilichookotwa huandikwa: kimeokotwa wapi, saa ngapi, na nani, kimekabidhiwa kwa nani. Daftari hilo likiwa na pengo la usiku mmoja tu, wakili atauliza nani alikuwa na kielelezo usiku huo, na kazi ya miezi itabatilika.

Jambo la pili ni unyofu wa kusema haijulikani. Hata mabingwa hukosea. Mwaka 2004 wapelelezi wa Marekani walidai kwamba alama ya kidole iliyopatikana baada ya milipuko ya mabomu ya Madrid ni ya wakili mmoja wa nchini kwao. Wakamweka kizuizini majuma mawili, mpaka polisi wa Hispania walipoonyesha kwamba alama ile ni ya mtu mwingine kabisa. Mtaalamu wa Rumonge atajaribiwa kwa njia nyingine. Atakuja mzee aliyemngoja ndugu yake miaka hamsini, aonyeshwe mfupa, aulize kama ni yeye. Itakuwa rahisi, na itaonekana kuwa ni huruma, kumjibu ndiyo. Lakini jibu hilo likiwa si kweli, mzee huyo atazika mtu wa nyumba nyingine, na nyumba hiyo itaendelea kungoja. Vilevile atakuja mwenye cheo atakayependa hesabu ya wafu iwe kubwa zaidi au ndogo zaidi. Wote wawili wapewe jibu moja, lile lililoandikwa daftarini.

Jambo la tatu ni uvumilivu wa moyo. Harufu ya maiti haizoeleki kwa siku moja, na mifupa ya watoto huwaota hata wazoefu. Majirani wengine huogopa kumpa mkono mtu ashikaye maiti, na binti achaguaye kazi hii huweza kuambiwa kwamba hataolewa. Wazazi wakumbuke kwamba waosha maiti wa mtaani, wake kwa waume, wamefanya kazi ya heshima tangu zamani bila kudharauliwa. Mtaalamu huyu naye huwahudumia wafu kabla hawajafika mikononi mwa hao.

Basi mzazi ambaye mwanawe amemwambia kwamba anataka sayansi jinai asimkatize, wala asimsifu kabla ya wakati. Amwulize kwanza kama yuko tayari kusoma miaka mingi, kuandika kila kitu, na kumwambia mfiwa kwamba jibu halijapatikana. Akiwa tayari kwa hayo, asaidiwe kupata vitabu vya kemia. Na wazee wa mwambao ambao bado wanakumbuka majina ya waliopotea mwaka 1972, nguo walizovaa, meno yaliyong'oka na mifupa iliyowahi kuvunjika, wayaeleze hayo sasa yaandikwe, kwa kuwa siku kijana huyo atakaporudi na elimu yake, hayo ndiyo atakayoyauliza kwanza.